Nukta ya Pili

Ndugu yangu mdogo haoni. Nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa na maelezo mawili, na Maman aliyatoa kwa kila aliyeuliza: kwanza vita, pili sentineli anayelinda geti la hospitali. Kwa miaka kadhaa niliyasikia akiwapa majirani, wanamaombi, hata Papa siku aliporudi. Kila mara nilikuwa nimekaa pale pale, nikichambua maharage au nikijifanya ninasoma. Maelezo ya tatu nilikuwa nayo mimi, na sikuyatoa.

Alizaliwa vita vya pili vilipokuwa vimekwisha kuingia mjini kwetu Bukavu. Papa alikuwa mwalimu Bunyakiri, na barabara ya kule ilikuwa imekatika. Habari za mwanawe zilimfikia kwa mdomo wa watu waliotembea kwa miguu msituni, kwa hiyo labda alijua kwamba amepata mtoto wa kiume kabla ya kujua kama mama yake mtoto amepona. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule yetu ilikuwa inafunguliwa wiki moja na kufungwa tatu, na mwishowe niliacha kuvaa sare, nikabaki nyumbani kumsaidia Maman.

Kichwa cha mtoto kilikuwa kikubwa kidogo tangu mwanzo. Kwenye robine, tulikopanga madumu kungoja maji, wanawake walifurahi naye.

"Maman, umetuzalia gavana," alisema mmoja.

"Gavana gani? Ule kichwa ni ya minisitiri. Utamunyonyesha na protokole."

Maman alicheka kuliko wote. Alijibu kwamba ni akili za baba yake, zimekuja nyingi na zinatafuta nafasi ya kukaa. Miezi miwili walitaniana hivyo. Mwezi wa tatu utani ulipungua, na mwezi wa nne hakuna aliyesema neno. Walimwangalia mtoto mgongoni, wakamwachia Maman nafasi yao kwenye foleni. Watu wa kwetu wakiacha kukutania, ujue wameona kitu.

Maman alikuwa ameona kabla yao. Alimfuma kofia ya sufu na hakuivua mbele ya wageni. Mara mbili alimpeleka Mumosho kwa mama mmoja mzee aliyejulikana kwa kupaka dawa ya majani kwenye utosi wa watoto, dawa inayokauka na kuwa ngumu kama udongo. Mtoto alirudi ananuka majani, utosi umevimba vile vile. Kwenye zahanati ya mtaa walimpa dawa ya homa.

Nami nilikuwa na kitabu.

Nilikipata sokoni Nyawera kwa mama muuza karanga. Alikuwa ameshakichana robo nzima ili kufungia karanga zake, na karatasi niliyopewa siku ile ilikuwa na picha ya fuvu la mtu limekatwa katikati. Nilikula karanga nikisoma. Kisha nilirudi mbio, nikamkuta ameshika ukurasa mwingine tayari kuuchana. Alikubali kuniachia kilichobaki kama ningemletea karatasi nyingine za kutosha, basi nikaenda kumchukulia madaftari yangu yote ya shule. Aliyapekua akaguna. Alisema yana wino mwingi mno, karanga zake zitahitimu kabla yangu.

Kilikuwa kitabu cha udaktari cha Kifaransa, bila jalada, bila mwanzo na bila baadhi ya sehemu za katikati. Nilikisoma kama wengine walivyosoma Biblia katika miaka ile. Neno nisilolijua nililiandika na kulifuatilia ukurasa hadi ukurasa, mpaka maana yake ijitokeze yenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vya maji, kwamba maji hayo hutengenezwa kila siku na kila siku yanapaswa kutoka kwa njia nyembamba sana. Mtu yeyote aliyekulia Bukavu anaelewa kinachofuata. Mfereji wa mlimani ukizibwa, maji hayarudi yalikotoka. Yanasukuma ukuta wa nyumba. Kwa mtu mzima fuvu limefunga, lakini mifupa ya mtoto mchanga bado haijashikana, kwa hiyo inaachana na kichwa kinapanuka. Kitabu kilisema dawa yake si ya kunywa wala ya kupaka. Ni mpasuaji kuweka mrija mwembamba chini ya ngozi, toka kichwani hadi tumboni, ili maji yapate njia. Kilisema pia kwamba mtoto kama huyo apimwe mzunguko wa kichwa kila wiki, na vipimo vichorwe mstari, ili daktari aone kichwa kinakua kwa kasi gani.

Kupima ndiko kulikokuwa na tabu. Maman alikuwa fundi wa kushona. Mashini yake ilikaa barazani, na mita yake ya kitambaa haikutoka shingoni ila akilala au akienda misa. Alijua kiuno cha nusu ya wanawake wa parokia yetu. Lakini mtoto mchanga hakumpima kamwe, hata wa mteja. Nguo za mtoto alizikata kwa macho tu, kwa sababu kwao, alivyolelewa yeye, mtoto hapimwi kabla ya kuota meno. Anayepima mtoto mdogo hivyo ni seremala, na seremala hupima kwa ajili ya sanduku la maiti. Siku aliponiona nimezungusha mita kwenye kichwa cha ndugu yangu, aliinyakua.

"Uko namupima ju ya nini? Amekufa?"

Niliona aibu, lakini nilijiona pia kuwa mtu wa vitabu kati ya watu wa majani. Tangu siku ile nilimpima kwa siri, kila Jumapili Maman alipokuwa kwenye misa ya kwanza, nami nikabaki na mtoto hadi zamu yangu ya misa ya pili. Nilikuwa na daftari jipya. Upande mmoja namba, upande wa pili mchoro wenye nukta na mstari. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima na kunakili upya yote yaliyotangulia. Nilijiambia kwamba siku moja daktari atalifungua, na sikutaka aone mahali palipofutwa.

Siku hiyo ilikuja upesi kuliko nilivyofikiri. Mtoto alikuwa ametimiza miezi mitano. Jumapili moja tulikwenda misa pamoja, mtoto mgongoni, na mwishoni padri alitangaza kwamba mpasuaji wa vichwa vya watoto amefika kutoka ng'ambo, atakaa wiki tatu hospitalini, na kwamba kila Jumatatu asubuhi atapokea watoto wapya na kuwaandika kwenye orodha ya upasuaji. Maman alinishika mkono pale pale kwenye benchi, akaubana hadi misa ilipokwisha. Njiani alisema tutaondoka kesho alfajiri.

Tulipofika nyumbani nilichukua daftari ili kulipanga vizuri, na ndipo nilipotaka kuhakikisha kitu kimoja cha mwisho. Nililaza mita ya Maman kando ya rula yangu ya shule. Hazikulingana. Mita ilikuwa imevutika kwa miaka ya kufuliwa na kuning'inia shingoni. Sentimita thelathini zake zilikuwa zaidi ya thelathini na moja za rula. Vipimo vyangu vyote, wiki baada ya wiki, vilikuwa vya uongo. Kichwa cha ndugu yangu kilikuwa kikubwa kuliko nilivyoandika.

Nadhani mtu mwingine angefunga daftari na kusema twende hivyo hivyo, daktari ana mita yake. Mimi nilimwona daktari akifungua ukurasa wa kwanza, akiuliza nimetumia kipimo gani, kisha akitabasamu. Nilikata utepe wa karatasi ngumu, nikauwekea alama kwa rula, nikapima upya Maman alipokuwa barazani. Vipimo vya zamani nilivipiga msalaba, nikabaki na nukta moja ya kweli. Na nukta moja haichorwi mstari. Ili daktari aone kasi ilinipasa kupata nukta ya pili, na nukta ya pili ilikuwa Jumapili ijayo.

Jioni niliporudi kutoka robine Maman alikuwa akikunja nepi za safari. Nilimwambia kwamba nimepita hospitalini njiani, na sentineli wa getini amesema wiki hii ni ya watoto waliotoka mbali, wa mjini wangoje Jumatatu ya pili.

Maneno yalitoka bila kugongana. Hata nilishangaa. Maman alisema basi ni haki, wa mbali wana taabu zaidi, akazirudisha nepi sandukuni.

Wiki ile niliishi vizuri, lazima niseme ukweli. Niliandika kila kitu kwa Kifaransa safi: siku ya kuzaliwa, siku ya kwanza ya kutapika, namna macho yalivyoanza kuzama chini mpaka weupe ukaonekana juu ya mboni. Hilo la macho nilikuwa nimelisoma. Kitabu kilisema ni dalili mbaya. Nililiandika kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu ya pili tulikuta foleni ya akina mama imejaa ukumbi mzima. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna watoto wengi hivyo wenye vichwa kama cha kwetu, kila mmoja na kofia yake. Wanawake walivuliana kofia bila aibu, wakaulizana miezi, wakapeana maji. Maman alizungumza siku ile kuliko mwezi mzima uliotangulia.

Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono myepesi. Alikishika kichwa cha ndugu yangu kama mtu anayepokea yai, akabonyeza utosi, akainua kidole na kukipitisha mbele ya macho. Mtoto alikifuata kidole kidogo, kisha akakiacha. Daktari alimpima kwa mita yake mwenyewe, akamtajia muuguzi namba. Mimi nilikuwa nimeshika daftari mbele yangu kwa mikono miwili. Hakuliona. Aliuliza kwa nini tumechelewa.

Muuguzi alitafsiri. Maman alisema hatukuchelewa, sisi ni wa mjini, tuliambiwa tungoje.

"Nani alisema vile?" muuguzi aliuliza. "Wa mjini tulibapokea toka siku ya kwanza."

Nafasi za wiki ile zilikuwa zimejaa. Jumatatu iliyopita, alisema muuguzi, angepata nafasi ya Alhamisi ile ile bila taabu. Sasa walimwandika Jumanne ya wiki ya tatu, wa kwanza asubuhi, na daktari mwenyewe alipigia mstari chini ya jina.

Getini Maman alisimama mbele ya sentineli. Alikuwa baba wa makamo aliyevaa koti la mvua, anashika ufunguo wenye kamba ndefu. Maman alimuuliza ni kwa amri ya nani alimrudisha binti yake Jumapili ile. Baba yule alisema yeye hakurudisha mtu, yeye anafungua mlango tu na kuufunga. Maman alipaza sauti. Watu waligeuka. Alisema kuna watu wakipewa ufunguo wanajiona Mungu, na kwamba Mungu mwenyewe atamuuliza juu ya mtoto huyu. Sentineli aliniangalia, akinitafuta katika kumbukumbu yake. Hakuwa na hasira.

"Dada, ni mimi nilikuambia?"

Nilikuwa na nafasi pale. Bado tulikuwa na Jumanne, hakuna kilichokuwa kimeharibika, Maman angenipiga kofi moja na jambo lingeisha. Nilisema: "Sikumbuki vizuri."

Jumamosi risasi zilianza milimani juu ya mji. Jumapili hatukutoka. Jumatatu jirani alileta habari kwamba daktari na wageni wenzake wa hospitali wamevushwa mpaka wa Ruzizi mapema asubuhi, wamebeba mifuko ya mgongoni tu. Hata hivyo Jumanne Maman alimvalisha mtoto, akaenda. Alikuta akina mama wengine wamefanya vile vile. Walikaa kwenye ukumbi hadi mchana, wakijua hakuna atakayekuja, kisha wakatawanyika.

Mrija aliwekewa mwaka mmoja na zaidi baadaye, na daktari wa hapa kwetu aliyekuwa amekwenda kujifunza kazi hiyo na kurudi wakati wengine wanakimbia. Kichwa kiliacha kukua. Kutapika kuliisha, shingo ikapata nguvu, na kabla ya miaka mitatu alikuwa akisema kuliko sisi wote. Lakini alipopewa kijiko alikitafuta kwa kupapasa meza. Daktari alimulika macho yake kwa muda mrefu. Alitueleza kwamba mishipa inayopeleka mwanga kwenye ubongo ilibanwa na maji muda mrefu mno, na kwamba mshipa wa namna hiyo ukishakauka haurudi.

Maman alipotoka na mtoto, mimi nilibaki nyuma nikampa daktari daftari langu. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka mtu alifungue. Alilisoma lote, akisimama kwenye kila ukurasa. Aliuliza nimesomea wapi, nikasema nyumbani. Kisha akauliza kwa nini vipimo vya kwanza nimevipiga msalaba. Nikamweleza habari ya mita iliyovutika.

"Haikuwa na ubaya," alisema. "Ulitumia mita ile ile kila wiki. Kosa lake lilikuwa lile lile. Angalia mstari wako wa kwanza unavyopanda. Mimi ningempasua kwa huu tu."

Alisema hivyo ili kunisifu. Alinirudishia daftari na kuniambia nifanye mtihani wa dola, ule wa kumaliza sekondari, nchi inahitaji watu wa namna yangu. Nilimshukuru. Nje nilikaa kwenye ngazi mpaka Maman akatuma mtu kunitafuta.

Tangu hapo nilijua kitu ambacho Maman hakujua wala yule sentineli. Mwanzoni nilijitetea kwamba vita ndivyo vilivyomfukuza daktari, si mimi. Ni kweli. Lakini watoto wa wiki ya kwanza walipasuliwa, na nimewahi kumwona mmoja wao, msichana, anavuka barabara ya Nyawera kati ya pikipiki akikimbia. Nilimjua kwa mama yake, tuliyekaa naye kwenye ukumbi ile Jumatatu ya pili alipomleta ili daktari aangalie kidonda cha upasuaji. Nilisimama nikamtazama mpaka akapotea kwenye vibanda vya nguo.

Mwaka huu nimetimiza miaka ishirini na tatu, na ndugu yangu sita. Jioni moja Maman alikuwa anashona, mgeni mmoja ameondoka tu baada ya kusimuliwa habari za sentineli, na nikaona siwezi kuisikia tena hata mara moja. Nilisema upesi, nikitazama gurudumu la mashini.

"Maman, ule sentineli hakusema kitu. Nilidanganya mimi."

Aliendelea kukanyaga hadi mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Ju ya nini?"

Nilianza kueleza mita na rula, mstari na nukta ya pili. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku nyingi, na bado yalitoka ovyo. Aliinua mkono.

"Ulimupima?"

"Ndiyo, Maman."

"Mbele ya kuota meno."

"Ndiyo."

Sijui mpaka leo alinihukumu kwa lipi, kwa kupima au kwa kudanganya. Labda kwake ni kosa moja. Hakunipiga, hakulia. Alikunja kitambaa alichokuwa akikishona, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ule baba nilimulaani mbele ya batu," alisema. "Kwake nitaenda mimi. Wewe uende kwa ndugu yako, mwenye macho."

Alikwenda kesho yake, amevaa kitenge cha kanisani. Aliporudi alivua kitenge akakaa tena kwenye mashini yake.

Mimi nilichukua siku nne. Nilitaka kupata namna iliyo sahihi ya kumwambia mtoto wa miaka sita, nikaandika mara kadhaa na kuchana, na siku ya nne niliona kwamba ninafanya tena kitu kile kile. Niliacha karatasi mezani nikatoka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, akitoa maharage mabichi kwenye maganda, kazi anayoifanya vizuri kuliko mimi. Nilikaa karibu naye. Aliweka mkono wake kwenye goti langu ili ajue nilipo, kama afanyavyo siku zote.

Nilimwambia kulikuwa na daktari. Nikamwambia kulikuwa na Jumatatu ambayo tungeenda, na kwamba mimi ndiye niliyesema tusiende, kwa sababu nilitaka kazi yangu ya daftari iwe nzuri. Alisikiliza, uso umeinama upande mmoja.

"Yaya," alisema, kama anavyoniita mimi dada yake, "kama tungeenda ile siku, ningekuwa naona?"

"Sijui. Pengine."

Alidondosha maharage ya mkono wa pili kwenye mkeka.

"Pengine mingi ao pengine kidogo?"

Maisha yangu yote nimetafuta jibu lisilo na kosa, na hapa halikuwepo. Nilijua tu ni upande gani nisingekuwa nadanganya.

"Mingi," nikasema.

Aliondoa mkono wake kwenye goti langu, akapapasa mkeka mpaka akapata ganda jingine, akalipasua.